Okidi Iliyolala Jikoni

Siku ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ni ile Jumamosi mama yangu aliposhuka kwenye basi la kutoka Kenya hapa Kampala. Sikuwa nimemwita, na kwangu hakuna ua lolote lililokuwa limechanua. Kabla hata salamu hazijakwisha akaniuliza, "Iko wapi hiyo okidi?" Nitakufikisha huko. Ngoja nikae vizuri kwanza, maana magoti yangu siku hizi hayataki kuharakishwa, na ulimi nao umeanza kuyaiga.

Ulikuja kwangu Jumapili baada ya ibada, na chungu chako ndani ya kavera nyeusi ya plastiki. Ukakiweka mezani ukasema unakwenda kukitupa. Nikakitazama. Majani marefu, membamba, ya kijani kibichi, mazuri kuliko ya kwangu. Ua hakuna, na ulisema ni hivyo tangu uhamie hapa Bukoto. Ukaniambia mama yako alikupa mmea huo siku uliyoondoka Limuru kuja kutafuta kazi huku, na kwamba tangu siku hiyo wewe naye hamja... halafu ukaanza kulia. Sikukuuliza kitu. Nilikuwa nimechoka, na ninajua mtu halii vile kwa sababu ya majani. Nilikuambia tu uniachie chungu, nami nitakupa jibu nikishapumzika. Basi nimepumzika kiasi nilichoweza, ambacho si kikubwa. Sikiliza.

Mimi nilikuja Kampala nikiwa na umri kama wako, kuuza vitambaa katika duka moja la Old Kampala, chini kidogo ya msikiti. Hapo ndipo nilipokutana na Okello. Alikuwa askari polisi, mtu wa Kitgum, kaskazini kabisa, mrefu, mwenye sauti ndogo. Alikuja kununua kitambaa cha mapazia, akarudi kununua kingine, akarudi tena, mpaka nikajua kwamba mtu huyu hana madirisha mengi kiasi hicho. Nilimpenda. Sitakuficha, nilimpenda haraka, na mpaka leo sijajuta, ingawa zipo siku nilizokaribia.

Mama yangu hakufurahi. Alikuwa mjane, mchuma chai Kericho, na mimi ndiye binti yake wa pekee. Nilipompelekea habari za Okello aliniuliza swali moja tu: "Mtu wa wapi?" Nilipomjibu, akaendelea kupepeta maharagwe yake kwa muda mrefu, kisha akasema, "Huko ni mbali mno hata kwa kuzikana." Harusi hakuizuia. Alikaa kwenye benchi la mbele kanisani, amevaa kitambaa chake kizuri cha kichwa, uso umefungwa kabisa. Watu walidhani anaumwa na jino.

Siku ya kuondoka alinipa ile okidi. Kando ya tangi la maji, nje ya nyumba yake, kulikuwa na kichaka kikubwa cha okidi za baridi. Mama mmoja wa shamba la chai alizitupa zamani, mama yangu akaziokota jalalani. Kila mwaka zilichanua bila kubembelezwa na mtu. Maua yake yalikuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, na madoa mekundu mdomoni, nayo yalikaa wiki nyingi bila kunyauka. Mama akachukua panga, akakata kipande chenye vibonge vichache, yale mashina yake yaliyovimba, akakifunga kwa gunia, akaniwekea mikononi.

"Ikitoa ua kwako," akasema, "nitakuja nilione."

Akageuka, akaingia ndani. Hakunisindikiza hata hadi barabarani.

Mwanangu, maneno hayo niliyabeba kutoka Kericho mpaka Bukoto nayo yakanilemea kuliko mzigo wote wa harusi. Niliyaelewa hivi: bila ua, hakuna mama. Basi nikaanza kazi. Nilinunua chungu kikubwa, nikakijaza udongo mweusi mzuri kutoka bondeni, ule ambao ukipandwa mahindi yanakuja kukusalimu dirishani. Nikaweka mbolea. Nikamwagilia maji ya kuoshea mchele asubuhi, na jioni maji ya kawaida. Majani niliyafuta kwa kitambaa chenye unyevu, moja moja, kama mtu anayemfuta mtoto uso kabla ya kwenda kanisani. Kila nilipokuta chungu kimejaa mizizi, nikaihamishia kwenye kikubwa zaidi.

Na jioni niliiingiza ndani. Hilo ndilo jambo la kushika. Wewe mwenyewe unaishi hapa, unajua jinsi tunavyoishi. Jua likianza kushuka, kila mtu katika majengo haya anaingiza vitu: viatu, ndoo, madumu, nguo hata kama bado mbichi, kiti cha mkeka, beseni, ufagio. Kilicholala nje kimeagana na mwenyewe. Na mimi niliolewa na polisi, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusikiliza watu wakilalamika kwamba wameibiwa. Okello alihesabu hata kandambili. Basi okidi nayo iliingia ndani kila jioni, na kwa kuwa sebule yetu ilikuwa ndogo, niliilaza jikoni, kwenye kona, karibu na sigiri. Mkaa ulikuwa unaendelea kupoa polepole usiku kucha, dirisha limefungwa kwa sababu ya mbu. Nilijiambia, angalau haitapata baridi.

Majani yalikuja kwa wingi. Ua halikuja.

Mwaka ukapita, mwingine ukapita. Kulikuwa na mwanamke wa kwetu aliyeleta chai na maharagwe kuuza Namuwongo, akirudi Kericho kila alipomaliza mzigo. Kila safari alibeba salamu zangu. "Mwambie mama, ua bado." Naye akirudi alileta majibu: "Mama anasema, basi tutangoja." Ndivyo tulivyozungumza, mimi na aliyenizaa, kwa miaka, kwa maneno ambayo hayakutosha kujaza kikombe. Nilimzaa Aber, nikapeleka salamu. Nikamzaa Okot, nikapeleka salamu. Mama alituma blanketi la mtoto, alilolifuma mwenyewe, na juu ya blanketi hakusema kitu. Nililala nalo mimi kabla ya mtoto kulilalia. Nilikuwa na uchungu, mwanangu, na nilikuwa na hasira pia, na hizo mbili zikikaa nyumba moja hazimwachii mtu nafasi ya kupumua.

Kilichovunja mambo ni Aber. Kwa kuwa kila nilipoifuta ile okidi nilimwambia, "Kogo atakuja hii ikitoa ua," na kogo kwetu ni bibi, mtoto alielewa kwa akili yake kwamba ile okidi ndiyo Kogo. Jioni moja Okello alirudi kutoka zamu, akamkuta binti yake amechuchumaa jikoni mbele ya chungu, ameliinamia jani, akiliambia, "Kogo, lala salama."

Okello hakucheka. Alivua kofia, akakaa chini kwenye sakafu ya jikoni na sare zake zote. Kisha akasema kwa kile Kiswahili chake cha kambini, "Mama Aber, hii maneno imetosha sasa."

Wiki iliyofuata aliomba likizo, akaniambia anakwenda kumwona rafiki yake Malaba. Malaba alipita tu. Alivuka mpaka, akaendelea hadi Kericho, akauliza njia mpaka akafika kwa mama. Haya nilisimuliwa baadaye na mama mwenyewe. Alisema alimwona mtu mrefu amesimama karibu na tangi la maji, hakaribii mlango, kwa sababu ya heshima ya mkwe, mvua inamnyeshea, na yeye anatazama zile okidi kana kwamba anazihoji. Mama akatoka na mwavuli. Okello akainamisha kichwa.

"Mama," akasema, "ile maua imekataa kabisa. Sisi najaribu kila njia, imekataa. Lakini watoto iko. Wewe kuja tu."

Mama alisema hapo ndipo alipokosa la kufanya, kwa sababu alikuwa amejiandaa miaka yote kumkasirikia mtu mwenye majivuno, na huyu aliyekuja alikuwa amelowa.

Ndiyo maana Jumamosi ile alishuka kwenye basi. Okello aliniambia twende kupokea mzigo kituoni. Nilipomwona akishuka kinyumenyume, ameshikilia mlango kwa mikono miwili, amekuwa mdogo kuliko nilivyomwacha, ndipo nilipojua mzigo wenyewe ni nini. Aber ndiye aliyekimbia mbele. Mama akamshika kichwa, akamtazama, halafu akanitazama mimi. Ndipo akauliza, "Iko wapi hiyo okidi?" Mimi nikajibu, "Jikoni." Akasema, "Jikoni?" Hivyo tu, kisha akampa Okello mfuko wake.

Jioni ya kwanza alikaa kwenye kigoda mlangoni, Okot mapajani, akinitazama nikiingiza vitu. Niliingiza viatu, ndoo, beseni. Niliingiza okidi, nikaisukuma pembeni mwa sigiri, nikafunga dirisha. Macho yake yalinifuata mpaka mwisho. Jioni ya pili nilipoinama tena kuinua chungu, akasema, "Iache."

Nikamwambia, "Mama, wataiba."

"Waibe."

"Mama!"

"Kwangu inalala wapi?" Alikuwa anasema kwa Kikipsigis, mimi ninakupa kwa Kiswahili, na Kiswahili kinamfanya aonekane mpole zaidi ya alivyokuwa. "Nijibu. Kwangu inalala wapi?"

"Nje. Kando ya tangi."

"Na hapo pana joto?"

"Hapana. Pana baridi ya kuuma masikio."

"Sasa wewe umeitoa kwenye baridi yake, ukaileta kuilaza na masufuria. Inakula, inashiba, inanenepa majani. Itajuaje kwamba wakati umefika? Kitu hicho huambiwa na baridi. Mvua kubwa zikishakwisha, usiku ukawa na baridi na mchana ukawa na jua, ndipo inapojua kwamba ni zamu yake. Wewe kila jioni unaifungia mlango isisikie." Akainama, akachomeka kidole kwenye udongo wangu mweusi, akakitoa, akakinusa. "Na huu ni udongo wa mahindi. Mizizi yake inataka hewa. Nani alikuambia uipande kama muhogo?"

Nikasema tu, "Niliogopa isife."

Akambembeleza Okot aliyeanza kusinzia. Kisha akasema jambo ambalo sijamaliza kulisikia mpaka leo.

"Na mimi je, Chebet? Siku ile nilisema nitakuja ikitoa ua. Nilikuwa nimekasirika, binti yangu anachukuliwa. Lile lilikuwa neno la mlangoni, mtu analisema ili asilie. Wewe ukalichukua, ukaliweka kama amri ya kanisa. Kila mwezi unaniletea habari za ua, ua bado, ua bado. Nikasema moyoni, mtoto huyu hataki nione anavyoishi, ndiyo maana anajificha nyuma ya ua. Hukuweza kusema tu, mama, njoo?"

Nami nikamjibu, nikiwa nimeshikilia chungu mkononi, "Na wewe hukuweza kuja tu?"

Hakunigombeza kwa jibu hilo. Alisema, "Nimechoka, mwanangu. Kukasirika ni kazi, na nimeifanya mpaka nimezeeka. Mumeo kanikuta nimeishiwa nguvu. Mwenzio hata mwavuli hakuwa nao."

Tulilia, ndiyo. Okello aliingia akatukuta, akatoka tena haraka, akaenda kusimama kwenye ngazi kama yuko lindoni.

Siku iliyofuata mama alimwaga udongo wangu wote. Alichambua mizizi, akakata iliyooza, akaipanda upya katika vipande vya mkaa na maganda ya mti yaliyokauka, katika chungu kilichoibana kidogo. Kisha Okello akaibeba mpaka juu ya paa, pale tunapoanikia nguo, akaiweka kando ya tangi la maji. Mama alitaka iwe kando ya tangi, nadhani ili ijisikie nyumbani. Okello alikuwa amekasirika kidogo, kikazi. "Mimi ni askari," akasema. "Najua. Kitu ya nje ni ya mwizi." Mama akamwambia, kwa Kiswahili alichookota Kericho, "Mwizi akichukua, yeye ndiye atapata ua. Si vizuri?" Okello akashuka.

Mama akarudi Kericho. Tuliagana naye barabarani, na safari hii yeye ndiye aliyegeuka kutazama nyuma.

Sasa hapa ungedhani ua lilitoka. Hata mimi nilidhani. Mwezi wa sita ukaja, mwezi wa saba ukaja, ile miezi ambayo Kampala nayo ina ubaridi wake wa alfajiri, watu wa bodaboda wanavaa makoti mazito. Kila asubuhi nilipanda ngazi nikaikuta okidi yangu iko palepale, haijaibwa. Nilimshukuru Mungu, nikaisalimu, nikaitazama chini ya majani. Hakuna kitu. Mwaka ukaisha hivyo. Nikaanza kuwaza kwamba mama naye hajui, kwamba Kampala si mahali pake, kwamba nimejisumbua bure. Nilichoka kabisa. Kuna uchovu unaompata mtu aliyekosea, huo unavumilika. Huu wa mtu aliyefanya kama alivyoelekezwa na bado hakuona kitu, huu unakaa kwenye mifupa.

Kumbe kulikuwa na Hajati Zaituni. Hajati alikuwa jirani yetu wa ghorofa ya juu, mjane, mama wa Kiganda mwenye moyo mweupe kuliko khanga zake za Idi. Jioni moja, baada ya chakula, nilikumbuka kwamba nimesahau nepi za Okot juu ya paa. Nikapanda. Kwenye ngazi nikakutana naye, anashuka polepole, amekumbatia chungu changu kifuani.

Nilipiga kelele. Naye akapiga kelele. Kisha akaniambia, huku akipumua kwa shida, "Nyabo, Mama Aber, wewe nasahau maua yako kila siku! Mimi naona, nasema bambi, maskini, huyu mtoto ana kazi mingi. Basi nachukua, naweka kwangu kwa jiko, pale kuna moto kidogo. Asubuhi nikiamka kuswali, narudisha. Hata hujui!"

"Kila siku, Hajati?"

"Kila siku kabisa. Tangu mama yako alienda."

Nilikaa kwenye ngazi, mwanangu. Nilicheka mpaka Hajati akadhani nimepatwa na wazimu. Usiku wote ule niliodhani okidi inapigwa na baridi, ilikuwa imelala jikoni kwa Hajati, pembeni mwa sigiri nyingine. Mwanamke mwenye miguu mibovu, anapanda na kushuka ngazi, jioni na alfajiri, kwa ajili ya kitu changu, wala hakuwahi kunidai hata asante. Ningemkasirikiaje? Nilimweleza maneno ya mama yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa. "Kitu kizuri hivi nalaza nje? Ni mbwa?" Lakini akanirudishia. Kwa miezi mingi baada ya hapo, kila tulipokutana jioni, aliniuliza kama nina hakika.

Mwaka uliofuata okidi ililala nje kwelikweli. Mvua za mwezi wa tano zilipopungua nilipunguza maji, kama mama alivyoagiza, na mbolea ya kukuza majani nikaiacha. Asubuhi ilipata jua, mchana kivuli cha tangi, usiku ilipata kile kibaridi kinachoshuka kutoka mlima wa Naguru. Si baridi ya Kericho, usidanganyike. Ni kidogo. Lakini siku moja nilipofunua majani nikaona kitu kimechomoza pembeni mwa kibonge. Chipukizi la majani huja bapa, nayo majani yake hujitenga mapema. Hili lilikuwa nene, mviringo, limefumba kama penseli fupi. Nilishuka ngazi nikikimbia, na siku hizo niliweza. Hajati nilimwambia kabla ya Okello.

Mama alikuwa amezoea kuja wakati huo. Alikuwa ameshakuja zaidi ya mara moja, bila ua, amekaa kwenye kigoda chake mlangoni, akala matoke na kulalamika kwamba hayana chumvi. Ua lilipofunguka, alikuwa kwetu. Lilifunguka Jumapili, la kwanza, na mengine yakiwa bado yamefumba nyuma yake. Okello alikibeba chungu kutoka juu ya paa kama anayebeba mtoto wa mwenye nyumba. Hajati akashuka. Mimi nikawaita watoto. Miaka yote niliyofuta majani, salamu zote zilizokwenda na kurudi na magunia ya maharagwe, yote ilikuwa kwa ajili ya siku ile. Tukaingia nayo.

Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni, anamwogesha Okot. Nikaweka okidi mbele yake. Nikasema, "Mama, limetoka. Ulisema utakuja ulione."

Akaliangalia mara moja. Akasema, "Nimeliona. Kwangu yapo mengi." Kisha akanyoosha mkono. "Nipe sabuni, Chebet, maji yanapoa."

Nikampa sabuni. Nilikaa kwenye kigoda chake nikamtazama akimsugua mjukuu wake nyuma ya masikio, Okot anapiga kelele, maji yanaruka mpaka kwenye lile ua. Sikuhuzunika. Nilijisikia kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani akashangaa kwamba shingo bado inageuka.

Mama amelala Kericho sasa, si mbali na tangi lake. Okello naye tulimrudisha kwao Kitgum, na ni mbali kweli, mama hakukosea, lakini tulifika. Hajati alihamia kwa mwanawe. Mimi nimebaki na ngazi hizi, ambazo nadhani kuna mtu huziongeza usiku. Ninazipanda bado, kwa kupumzika katikati, na kila mwaka kikonyo kimoja cha maua kinatoka, mwaka mzuri viwili. Vijana mnaona maua kutoka barabarani, mnakuja kuniuliza dawa. Dawa ndiyo hii.

Itoe katika udongo, uipande kwenye mkaa na maganda ya mti. Usiihamishe chungu kila mara, iache mizizi ibanane. Ipe jua la asubuhi. Mvua kubwa zikipita, punguza maji, na uiache ilale nje katika miezi ile ya baridi, hata roho ikikuuma, hata jirani mwema akikucheka. Ikitoa kikonyo, irudishie maji yake, na usikigeuzegeuze chungu. Hakuna zaidi. Okidi hii ya baridi huuawa zaidi na kudekezwa kuliko kusahauliwa.

Lakini hilo si lililokuliza kwangu Jumapili. Sijui mama yako alikuambia nini ulipoondoka Limuru, au wewe ulimwambia nini. Sihitaji kujua. Ninajua sura ya mtu anayengoja ua ili apate ruhusa ya kurudi nyumbani. Nimeivaa. Mimi nilikuwa na Okello wa kunisemea, akanyeshewa kwa niaba yangu. Wewe huna, na mimi siwezi kwenda Limuru kwa magoti haya. Kwa hiyo utakwenda mwenyewe. Usingoje mwezi wa saba. Usingoje kupanda cheo, wala kununua zawadi ya kumfunga mdomo. Chungu chako kiko juu ya paa, karibu na changu, na nimewaambia majirani wote wasikiguse. Nenda mikono mitupu. Akikuuliza okidi iko wapi, mwambie iko nje Kampala, inapigwa na baridi, na kwamba wewe umechoka kuingoja.

Nenda, mwanangu. Mungu akufungulie njia kutoka hapa mpaka kwenu, akutulize moyo mpakani wanapokuchelewesha, na akufikishe umkute mama yako amesimama mlangoni, akiwa bado na nguvu za kukugombeza.